Gari inasumbua ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Angalia haya kabla hujanunua plagi

Kuna kosa nimelifanya mwenyewe na naona watu wanalirudia kila siku. Gari asubuhi inatetemeka, inakula mafuta kupita kawaida, ukisimama kwenye foleni inanuka petroli, basi mtu anakimbilia plagi. Plagi mpya hazijasaidia, anabadilisha koili, koili nazo wapi, anaosha nozeli, mwisho anaambiwa pampu ya mafuta imechoka. Mi niliishia kwenye nozeli. Kumbe tatizo lilikuwa themostati imeganda ikiwa wazi, kidude cha kuenea kiganjani kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu miezi yote hiyo maana mshale wa temperecha ulikuwa haufiki katikati, na mimi nikawa najisifu kabisa kwamba gari yangu haijui kuchemsha.

Tangu hapo gari ikisumbua swali langu la kwanza sio "nini kimekufa", ni "inasumbua wakati gani". Ikiwa ya baridi kabisa? Ikiwa ndo inapanda moto? Au ikishapata moto? Jibu lake linafuta nusu ya vitu vya kushuku kabla hujashika hata spana, na fundi ukimpa jibu hilo anaenda moja kwa moja panapohusika badala ya kuanza kubahatisha kwa hela yako.

Injini inapataje moto

Petroli haipatani na chuma cha baridi. Ikipulizwa na nozeli kwenye injini iliyolala usiku kucha, sehemu yake kubwa inagoma kugeuka mvuke, inabaki matone yanayonata kwenye kuta, na matone hayaungui vizuri. Kwa hiyo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inafanya mambo mawili, inaongeza mafuta na inapandisha sailensi (mizunguko ya injini kwa dakika bila kukanyaga mafuta), ndo maana ukiwasha asubuhi unaona mizunguko iko 1200 mpaka 1500 hivi na injini inanguruma kidogo. Muda huo inafanya kazi kwa kukisia tu, haisikilizi sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosti kwa sababu hiyo sensa nayo ni ya baridi, inataka kama nyuzi 300 za joto ndo ianze kusema kitu cha maana. Maji yakipanda joto mafuta yanapunguzwa taratibu, sailensi inashuka mpaka kwenye 650 hadi 850 kutegemea na gari, na maji yanatulia kwenye nyuzi 85 mpaka 100.

Sasa nani anaiambia kontroli boksi kwamba injini ni ya baridi au ya moto? Sensa ya temperecha ya maji. Na nani anahakikisha maji yanapata moto haraka alafu hayapitilizi? Themostati, akisaidiwa na feni. Hao watatu waweke kichwani, tutarudi kwao kila mara.

Kipimo cha asubuhi

Acha gari ilale, masaa sita mpaka nane bila kuwashwa. Asubuhi fungua boneti, angalia maji kwenye rejeta na kwenye chupa ya akiba, injini ni ya baridi kwa hiyo kifuniko unafungua bila woga, angalia na oili kwenye stiki. Kama una kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kontroli boksi na kukuonyesha kwenye simu, geuza swichi mpaka taa za dashibodi ziwake lakini injini usiwashe, alafu soma joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Kwa gari iliyolala hizo namba mbili zinatakiwa zikaribiane, zikipishana sana iwe nyuzi tano. Ukikuta maji yanasomeka hasi 40, hujahamia kwenye barafu, waya wa sensa umekatika au soketi yake imechomoka. Ukikuta yanasomeka 130 na injini ni baridi kama jiwe, waya zimegusana. Hapo umepata ugonjwa hata kabla hujapiga selfu.

Sasa washa, usikanyage mafuta, iache yenyewe. Tazama mizunguko imepanda mpaka ngapi, sikiliza kama inakosa moto kwenye silinda yoyote, yaani mafuta ya silinda hiyo hayaungui, nenda nyuma uangalie moshi una rangi gani. Alafu rudi mbele ushike hosi ya juu ya rejeta, ile nene inayotoka kwenye injini. Angalia mikono, mikanda na feni, na feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe muda wowote hata kama injini imezimwa, kwa hiyo tai, skafu na mikono ya shati inayoning'inia iweke mbali.

Dakika za mwanzo hosi inatakiwa ibaki baridi huku injini ikipanda moto. Unashika, baridi. Unashika tena, baridi. Alafu maji yakifika nyuzi 80 na kitu unasikia joto linaingia mkononi ndani ya nusu dakika, mpaka unautoa mkono mwenyewe bila kuambiwa. Hapo themostati imefunguka na ni nzima. Kama hosi inapata uvuguvugu tangu dakika ya kwanza na inapanda polepole sawa na injini, themostati iko wazi muda wote. Kama mshale umeshavuka katikati, unaelekea kwenye nyekundu, na hosi bado baridi, themostati imegoma kufunguka, au kuna hewa imekaa ndani, au waterpampu haisukumi. Kitu kimoja tu cha kuangalia, kuna injini ambazo themostati imewekwa upande wa hosi ya chini, kwa hizo hosi ya juu inawahi kupata moto na hiyo ni kawaida yake, wewe shika ya chini.

Na usiuamini sana mshale wa dashibodi. Kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati kimya hata maji yakicheza kuanzia nyuzi 80 mpaka 100 na kitu, ili dereva asipate presha, ukija kuona umesogea ujue mambo yameshaharibika zamani. Gari zingine hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu ikiwa ya baridi na nyekundu ikichemsha. Taa ya bluu ikikawia kuzima kuliko zamani, hiyo ni habari.

Themostati

Ndani yake kuna nta. Nta ikipata joto inavimba, inasukuma kijiti, sahani inafunguka, maji ya moto yanaenda kwenye rejeta. Ikipoa springi inarudisha. Hamna umeme hapo kwa zile za kawaida, ndo maana hata taa ya cheki injini mara nyingi inachelewa kuwaka, ikiwaka code yake (namba ya kosa unayoisoma kwa mashine) ni P0128, maana yake kontroli boksi imesubiri maji yapate moto mpaka imechoka.

Ikiganda wazi dalili zake ni za kimya kimya: hita ya ndani inatoa hewa vuguvugu, mafuta yanaliwa, sailensi inakaa juu muda mrefu, ukikimbia barabara kuu joto linashuka badala ya kutulia, ukisimama linapanda. Hiyo ya kushuka ukiwa kwenye mwendo ndo dalili ninayoiamini kuliko zote. Ikiganda imefungwa hamna ukimya, inachemsha ndani ya dakika chache.

Kuipima ni rahisi sana. Itoe, soma namba iliyogongwa juu yake, utakuta 82 au 88 au karibu na hapo, ifunge kwa uzi uitumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka na kipimajoto, chemsha taratibu. Karibu na ile namba yake unaona sahani inaanza kujitenga, mwanya kama unywele, alafu maji yakipanda nyuzi 10 mpaka 15 zaidi inakuwa imefunguka wazi, milimita 8 hivi au zaidi. Itoe ipoe, inatakiwa ijifunge yenyewe mpaka mwisho. Ile yangu ilikuwa na mwanya hata ikiwa mezani, ungeweza kuchungulia upande wa pili. Ukirudisha mpya, kama ina kile kitundu chenye kapini kanachochezacheza, kielekee juu, ndo njia ya hewa kutokea.

Hapa nina ugomvi na mafundi wengi. Gari ikichemsha wanaitoa themostati na kuitupa, wanasema eti kwenye joto haina kazi. Ina kazi. Bila hiyo injini inatembea ya baridi nusu ya safari, kontroli boksi inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika, unyevu unabaki ndani ya oili. Na zipo injini ambazo themostati ina sahani ya pili kwa chini inayoziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa yote maji yanazunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta, yaani umeitoa ili isichemshe na sasa ndo inachemsha zaidi.

Sensa ya temperecha

Huyu ndo mwongo wa kwanza kumshuku pale mshale unaposema kila kitu safi lakini gari ina tabia za ajabu. Magari mengi, hasa ya zamani, yana sensa mbili tofauti, moja ya waya mmoja inayopeleka kwenye mshale, na nyingine ya waya mbili inayopeleka kwenye kontroli boksi. Kwa hiyo mshale unaweza kuwa sahihi kabisa na kontroli boksi ikawa inadanganywa. Ikidanganywa kwamba injini ni baridi wakati ni ya moto inamwaga mafuta, unaona moshi mweusi, plagi zinapata masizi, na kuwasha ikiwa ya moto inakuwa shida. Ikidanganywa kwamba ni ya moto wakati ni baridi inanyima mafuta, asubuhi unapiga selfu mpaka betri inalia, ikiwaka inazima ukiachia pedo.

Pima kwa multimita, chomoa soketi, pima ukinzani kati ya zile pini mbili. Kwenye nyuzi 20 nyingi zinasoma ohm 2000 mpaka 3000, kwenye nyuzi 80 zinashuka mpaka 200 hadi 400. Cha muhimu ni ishuke mfululizo bila kurukaruka, huku injini ikipata moto. Njia ya haraka zaidi, chomoa soketi injini ikiwa inaunguruma. Kwenye magari mengi feni itawaka na kontroli boksi itatumia makadirio yake yenyewe. Kama gari imetulia ghafla baada ya kuchomoa, umempata. Code zake ni kuanzia P0115 mpaka P0118. Kabla ya kununua nyingine angalia soketi kwanza, ukungu wa kijani kwenye pini unatosha kabisa kuleta huo uongo wote.

Inasumbua ikiwa ya baridi tu

Hapa masikio na macho yanafanya kazi kubwa kuliko mashine.

Kelele ya kugonga tiki tiki inayopotea baada ya sekunde chache mara nyingi ni tapeti za oili, oili ilishuka usiku na sasa ndo inapanda, ukiona inazidi kuchukua muda mrefu angalia kiwango cha oili na unene wake. Kelele kama mnyororo unatikiswa, sekunde moja au mbili tu unapowasha, shuku tensheni ya timing cheni, kile kinachoikaza cheni inayoendesha valvu, na hiyo usiizoee, cheni ikiruka jino unaweza kupoteza valvu zote. Tiki tiki inayokaa dakika kadhaa, inaongezeka ukikanyaga mafuta, alafu inapotea injini ikipata moto, sogeza sikio upande wa ekzosti, mara nyingi ni ufa au gasketi ya manifoldi inavuja, chuma kikipata joto kinavimba na kujiziba chenyewe. Niliwahi kuambiwa hiyo sauti ni injini inataka kufunguliwa yote. Ilikuwa stadi moja ya manifoldi imekatika.

Moshi mweupe mwepesi asubuhi na matone ya maji kwenye bomba usiogope, petroli ikiungua inatoa maji, lita moja ya petroli inakaribia kukupa lita ya maji, na bomba likiwa baridi mvuke wake unageuka matone humo humo. Likipata moto yanapotea. Moshi wa bluu wa sekunde chache baada ya kuwasha ni oili iliyochuruzika kupitia oil seal za valvu. Moshi mweusi ni mafuta mengi, rudi kwenye sensa. Ila moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto, una harufu tamu tamu ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta), na asubuhi inakosa moto silinda moja kwa nusu dakika kisha inakaa sawa, huku maji kwenye chupa yanapungua na chini hakuna hata tone, hiyo ni kulanti inaingia ndani ya silinda usiku. Hedi gasketi, ile iliyo kati ya hedi na bloku ya injini, imekufa. Hapo ni vizuri gari isitembee.

Dizeli zina hadithi yao fupi, hita plagi. Kila silinda ina yake, ukigeuza swichi ile taa ya springi ya njano inawaka kuonyesha zinapasha moto, subiri izime ndo upige selfu. Plagi moja au mbili zikifa gari inawaka kwa shida, inatetemeka na kutoa moshi mweupe unaochoma macho, ikipata moto inakuwa kama hakuna kilichotokea. Chomoa waya, pima kila plagi kwenda kwenye bodi ya injini, nzima inasoma ukinzani mdogo sana, kwenye ohm moja hivi, iliyokufa haisomi kitu. Zote zikiwa nzima na hazipati moto angalia rilei (swichi yake ya umeme) na fyuzi yake kubwa. Kwa gari za kabureta shida ya baridi nyingi iko kwenye choki, kile kijidirisha cha juu kinatakiwa kijifunge ikiwa baridi na kisimame wima ikiwa ya moto, kikikwama upande wowote unapata shida ya upande huo.

Inasumbua katikati, ikiwa inapanda moto

Hii ndo inayowachanganya watu maana gari inawaka vizuri, inatulia kwenye 1400, alafu ikifika wakati wa kushusha sailensi inaanza kuyumba, 1000, 500, 1100, 400, inazima. Sababu ni kwamba ikiwa baridi mafuta ya ziada yanaficha madhaifu mengi, yakipunguzwa kila kitu kinaonekana. Cha kwanza fungua bomba la hewa uangalie throto, mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, ukikuta mduara mweusi wa kaboni pembeni ya kile kisahani, safisha kwa dawa yake na kitambaa, swichi ikiwa imezimwa, na kama ni throto ya umeme usikisukume kisahani kwa kidole, gia zake za ndani ni za plastiki. Gari zingine baada ya kusafishwa sailensi inapanda ovyo mpaka ijifunze upya, usishtuke. Safisha na valvu ya sailensi kama gari yako inayo ya peke yake.

Cha pili ni hewa ya wizi. Mpira wa vakyumu uliopasuka unaingiza hewa ambayo haijapimwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi mafuta kidogo, ukisoma kwa mashine utakuta P0171. Chukua kipande cha hosi nyembamba, upande mmoja weka sikioni, upande mwingine pitisha taratibu kwenye viungio vyote vya manifoldi ya hewa na mipira midogo midogo, pale panapovuja utasikia mluzi unakuja masikioni kabisa. Wengine wanapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini ya moto wakisikiliza mizunguko ikibadilika, inafanya kazi kweli lakini dawa hiyo inashika moto, mi napuliza maji kwa kichupa cha kupulizia na jibu ni lile lile.

Inasumbua ikishapata moto

Kuchemsha kwanza. Uliza inachemsha wakati gani, tena swali lile lile. Ikichemsha imesimama na ikitembea inapoa, ni feni. Washa AC, kwenye magari mengi feni inatakiwa iwake nayo, isipowaka angalia fyuzi, badilishana rilei na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi, alafu ipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri uone kama inazunguka. Zile feni za kuzungushwa na mkanda zenye klachi ya silikoni, zima injini ikiwa ya moto, ukiona zimesimama kabisa zungusha kwa mkono, inatakiwa ikukatalie kidogo, ikizunguka kama pangaboi klachi imekwisha. Ikichemsha kwenye mwendo au mlimani ila imesimama iko sawa, shuku rejeta imeziba, waterpampu, au hosi ya chini inayojinyonya ikajifunga ukipiga resi. Mtu apige resi wewe uitazame, unaiona kabisa inabonyea.

Kifuniko cha rejeta kinadharauliwa sana. Juu yake kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha kinayotakiwa kuishikilia, na presha hiyo pamoja na kulanti ndo zinazofanya maji yasichemke mpaka yavuke nyuzi 120 hivi. Mpira wake ukipasuka maji yanachemka mapema, yanamwagikia kwenye chupa na hayarudi. Ukinunua kingine kiwe na namba ile ile, ukiweka cha juu zaidi utatafuta hosi za kupasuka.

Ikikuchemshia njiani, washa hita ya ndani mpaka mwisho huku unatafuta pa kusimama, zima, fungua boneti, na kifuniko usikiguse kabisa mpaka uweze kuiminya hosi ya juu kwa mkono bila kuungua na ikawa laini. Sio dakika kumi, ni nusu saa kwenda mbele. Maji ya baridi kwenye injini iliyochemka yanaweza kuipasua hedi.

Gari inayozima ikiwa ya moto, haiwaki, ukiiacha dakika 20 au 30 inawaka kama kawaida, hiyo mara nyingi sio mafuta. Ni sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini) au koili, waya wa ndani unaachana ukipata joto. Ikizima, pitisha kitambaa kilicholowa maji kwenye hiyo sensa, kama imewaka ndani ya dakika mbili huna haja ya kubishana na mtu. Ila kama inawaka baada ya kupiga selfu ndefu na inatoa harufu ya petroli na moshi mweusi, basi nozeli inavuja ikiwa imezimwa, au ni yule mwongo wa temperecha.

Na kabla ya kukubali kwamba hedi gasketi imekufa fanya hiki: injini ya baridi kabisa, kifuniko kimefungwa, washa, baada ya dakika moja minya hosi ya juu. Maji bado hayajapata moto kwa hiyo hayawezi kuwa na presha. Ukikuta hosi imekuwa ngumu kama fimbo, hiyo presha inatoka kwenye silinda. Povu jeupe chini ya kifuniko cha oili peke yake sio ushahidi, linatokea hata kwa gari ya safari fupi fupi au yenye themostati iliyo wazi, yangu lilikuwepo pia. Vuta stiki, kama oili yenyewe imegeuka kama maziwa ndo uanze kuumwa kichwa.

Kupasha moto kwenyewe

Gari za nozeli hazihitaji robo saa ya kuunguruma. Nusu dakika mpaka dakika moja oili ishapanda, ondoka taratibu, usipige resi. Ikisimama inapata moto polepole na muda wote huo inakula mafuta ya ziada. Alafu mshale ukifika katikati ni maji tu yamepata moto, oili inachelewa, ipe dakika tano hadi kumi zingine ndo uikanyage. Na usiiunguruishe ndani ya gereji iliyofungwa hata kama mlango uko nusu wazi, ule moshi una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu ya kukuonya na inaua.

Kutoa hewa

Ukishafungua chochote cha maji, iwe themostati, hosi au pampu, umeingiza hewa, na hewa ikikaa kwenye themostati au kwenye sensa utapata dalili za mwanzo zote upya na utamlaumu mtu aliyekuuzia kifaa. Inua pua ya gari, paki kwenye mwinuko mdogo, hita ya ndani weka kwenye moto mwingi. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa ilegeze. Mimina kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, polepole, unaminya hosi huku unamimina, utasikia inabwabwaja na kiwango kinashuka. Washa kifuniko kikiwa wazi, endelea kuongeza, mapovu yakianza kukata funga skrubu. Maji yakianza kupanda na kutaka kumwagika funga kifuniko, subiri themostati ifunguke na feni iwake na kuzima mara mbili, angalia hita ya ndani inatoa joto la kweli. Zima, iache ipoe kabisa, fungua ujazie.

Asubuhi yake angalia tena chupa ya akiba, kushuka kidogo siku ya kwanza ni hewa ya mwisho imetoka, jazia. Ikishuka tena siku ya tatu kuna mahali inavuja, chukua tochi uanze na vibano vya hosi ulivyovifungua mwenyewe.